Mlango wa Jikoni

Ambrose alianza kuingia nyumbani kwa mama yake tukiwa bado Alberta, siku kumi kabla ya kufika. Nilikuwa napanga vyombo kwenye kabati za gari-nyumba letu, yeye amesimama kwenye ngazi na kikombe cha chai, ananieleza atakavyofanya. Hatagonga. Atafungua mlango wa jikoni, atakwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiko, atafunua sufuria, na atauliza kuna nini cha kula. Mama yake, bila kugeuka, atamwambia afute miguu.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu basi. Nimefika nyumbani."

Nikamwambia hiyo si safari, hiyo ni njaa. Akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameshatangulia, yako mashariki huko, na mimi nimebaki na sahani zangu za plastiki.

Mume wangu ni mtu wa kisiwa cha Newfoundland, na kwao ni Tacker's Cove, nyumba ishirini na moja zilizong'ang'ania mwamba juu ya bahari. Kule hakuna kubisha hodi. Jirani huingia, hukaa kwenye kochi la jikoni, na kama mwenye nyumba yuko ghorofani atashuka akijisikia kushuka. Anayegonga ni polisi, padri mgeni, au mtu wa serikali mwenye karatasi mkononi. Nilipoolewa naye mwaka wa tisini na tano nilidhani ananitania. Niliacha kudhani hivyo siku alipoingia jikoni kwa jirani yetu, Bwana Dietz, akamkuta na chupi tu anakaanga mayai. Ambrose hakushtuka. Alivuta kiti akamuuliza mgongo unaendeleaje. Jioni ile Bwana Dietz alikuja kwetu, amevaa mpaka tai, kuniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ni mzima.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa ngano, Saskatchewan. Babu zangu walitoka Ukraine, na jina langu, Orysia, limewasumbua makarani maisha yangu yote. Kwetu nyumba zilikuwa mbali kiasi kwamba mgeni ulianza kuona vumbi lake robo saa kabla hajafika, na akishafika bado aligonga. Kwa hiyo niliona aibu, nikaamua kumfunza. Nilimtoa nje ya mlango wetu wenyewe, mwanamume mzima wa miaka thelathini na mitatu, nikaufunga, nikamwambia agonge mara tatu kisha angoje. Akagonga. Nikauliza ni nani. Akajibu kwamba ni mjinga mmoja kutoka kisiwani, tukacheka mpaka tukakaa chini. Kila alipojisahau nilimrudisha nje aanze upya. Theluji ilipoanguka alikuwa anagonga vizuri kuliko wenyeji, nami nikajisifu kwa dada yangu kwenye simu. Hilo nalisema mapema ili ijulikane ni nani wa kulaumiwa.

Aliondoka kwao mwaka wa tisini na mbili, serikali ilipofunga uvuvi na vijiji vizima vikaamka asubuhi havina kazi. Alimwahidi mama yake miaka miwili tu. Akaja kwenye visima vya mafuta Alberta, akanikuta mimi, na miaka miwili ikaanza kuzaa. Tulikwenda kumsalimia mara tatu, mara ya mwisho miaka kumi na tisa iliyopita. Baada ya hapo kila kiangazi tulisema kiangazi kijacho, na kadiri tulivyochelewa ndivyo alivyozidi kuona haya kwenda. Walizungumza kwenye simu kila Jumapili, habari za hali ya hewa na za waliokufa.

Mwezi wa nne mama huyo, Philomena, mwenye miaka themanini na minane, akamwambia kwamba magoti yamekataa ngazi. Septemba atahamia nyumba ya kulelea wazee huko mjini, na madirisha ya nyumba yatapigiliwa mbao. Alilisema hilo kati ya habari za mvua na habari za shemeji wa jirani. Ambrose akaweka simu, akatoka, akasimama uani bila koti. Wiki mbili baadaye alikuja na gari-nyumba, kuukuu, refu, lenye kitanda, jiko la gesi na choo kisichozidi kabati la mifagio. Niliuliza kwa nini tusipande ndege kama watu wenye akili. Akasema anataka nchi yote ipite mbele ya macho yake, apate kujua amekaa mbali kiasi gani.

Alichotaka hasa ni kimoja. Alitaka kuingia kwa mlango ule mara moja zaidi kama mtoto wa nyumba, kabla haujafungwa. Ana miaka sitini na miwili, na sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile, hata mimi aliponitaka.

Siku ya pili tulipinda kusini kidogo ili mimi nione kwetu. Ndugu zangu waliuza shamba zamani, na aliyelinunua aliivunja nyumba, maana trekta za siku hizi hazipendi kuzunguka kitu. Nilijua hivyo. Kulijua jambo na kusimama mbele yake ni vitu viwili. Palikuwa na kanola tu, lile zao la mafuta, njano mpaka mwisho wa dunia, na mstari wa maua ya zambarau yaliyokwisha kunyauka, ile miti aliyoipanda mama yangu kukinga upepo. Nikahesabu hatua kutoka kwenye miti mpaka nilipokadiria palikuwa na mlango wetu. Ambrose alikuwa amebaki barabarani kwa adabu. Akaniuliza kutoka kule mlango ulikuwa wapi. Nikamwonyesha kwa mguu.

Akavua kofia, akavuka mtaro, akaja, na pale nilipoonyesha akainua mguu juu kidogo, mtu anavyovuka kizingiti, akapita. Akasimama katikati ya kanola ya mtu.

"Kuna nini cha kula humu?" akauliza.

"Perogi," nikamwambia, zile sambusa za kuchemsha za mama yangu. "Za viazi."

Nililia hapo, naye akaniacha nilie. Nilimtaka mama yangu kwa namna ambayo mwanamke wa miaka sitini hatarajii tena kumtaka mama yake. Tuliporudi garini nilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo, na sikuwa na mtu wa kuniambia nifute miguu.

Manitoba tulipita siku moja. Ontario haipitiki. Siku ya kwanza ni miti na ziwa, siku ya pili ni ziwa na miti, siku ya tatu nikamwambia Ambrose kwamba tumepotea na tunazunguka kilima kilekile. Madereva wa magari-nyumba hupungiana mikono wakipishana, na yeye alimpungia kila mtu mpaka bega likamuuma. Tuligombana mara moja tu, juu ya bomba la kumwagia maji machafu, ambalo yeye alisema amelifunga nami nikasema hakulifunga. Viatu vyangu vilithibitisha nilichosema. Tulikwenda kilomita mia mbili bila kusemezana, kisha ziwa likafunguka upande wa kulia, kubwa, la kijivu, halina ng'ambo, na Ambrose akapunguza mwendo. Alishusha kioo akavuta hewa. Alisema halinuki chumvi. Alilisema kwa huzuni ya mtu aliyeonyeshwa picha ya mpenzi wake, na hasira yangu ikaisha.

Kwenye kambi jioni zilifanana. Unachomeka umeme, unafungua viti, unapigana na mbu. Na watu wanakuja kugonga. Anagonga wa kuazima nyundo, anagonga wa kuuliza kama mbwa huyu ni wetu. Ambrose kila mara alisema kwa sauti kubwa, ingia tu, kwani nani amekuzuia, na kila mara mtu alibaki nje chini ya taa mpaka afunguliwe. Baadaye, wakati tunakunja viti, yeye alirudia mazoezi yake. Kitasa cha mlango wa jikoni hukwama, kwa hiyo lazima ukiinue kidogo ndipo usukume. Jiko liko kushoto. Sufuria ya Ijumaa ni ya samaki, ya Jumapili ni ya nyama ya chumvi na kabichi. Aliijua nyumba ile gizani.

Jioni moja, karibu na mpaka wa Quebec, kiberiti kilituishia. Ambrose akaenda kuazima kwa wazee wa gari la jirani. Nilikuwa namtazama nikimenya viazi. Mlango wao ulikuwa wazi kabisa, nao wamekaa mezani wanamwona. Akasimama kwenye ngazi, akainua mkono, akagonga kwenye ubavu wa gari, mara tatu, kisha akangoja. Nilitaka kumtania aliporudi. Sikujua kwa nini nilinyamaza, na sasa najua.

Tulifika kwenye bandari ya feri Nova Scotia siku mbili mapema. Mama yake alikuwa anatutazamia Jumapili. Ameshamwambia mtaa mzima na ameshaloweka nyama, tulijua, maana Ambrose alimpigia simu kutoka New Brunswick na hakusikia kingine ila nyama. Sasa karani wa tiketi akasema kuna mtu ameghairi, kuna nafasi ya gari refu jioni ileile. Nikasema tupige simu. Ambrose akakataa kabisa. Akisikia tunakuja, alisema, atatoka kutungoja nje mlangoni, na akishasimama mlangoni mwanawe ataingiaje? Nilikuwa na hoja mbili tatu za kumjibu. Niliangalia uso wake nikazimeza. Kwa hiyo kosa lile tulilifanya wawili.

Asubuhi ya Ijumaa feri ilitutema kwenye ukungu. Kutoka pale mpaka Tacker's Cove ni mwendo wa saa moja na nusu, na aliyeendesha ni Ambrose. Mimi nilisoma vibao kwa sauti. Tulipoteremka kijijini alilisimamisha gari kwenye nyasi kando ya uzio wa mama yake, upande wa barabara, akajitazama kwenye kioo, akachomekea shati.

Hapo ndipo ningesema. Mtoto wa nyumba hachomekei shati. Lakini nilikuwa nahangaika na nywele zangu, nami nilikuwa mkwe asiyeonekana miaka kumi na tisa.

Tulizunguka nyuma ya nyumba. Rangi ya kijani ya mlango ilikuwa imebanduka, ngazi tatu za mbao zimelainika katikati kwa kukanyagwa, na moshi wa kuni ulikuwa unashuka juu yetu badala ya kupanda. Dirisha la jikoni lilikuwa jeupe kwa mvuke. Kulikuwa na harufu ya mkate. Ambrose alipanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama. Nikaona mkono wake wa kulia unaondoka ubavuni, unapanda, unakunja vidole.

Akagonga mara tatu. Kisha akangoja, kama nilivyomfunza.

Ndani kitu cha bati kilianguka sakafuni kikazunguka mpaka kikatulia. Baadaye hapakusikika chochote. Ambrose alikuwa anautazama mkono wake. Halafu tukasikia miguu inaburuzwa, polepole, ikaja mpaka nyuma ya mlango, lakini mlango haukufunguliwa.

"Semea hapo hapo," mama yake akasema. "Usiingie kwangu. Amefia wapi?"

Ambrose aliweka kiganja juu ya mlango.

"Nimesikia gari kubwa likisimama. Najua yuko barabarani, mwanangu, na ile nyumba ya magurudumu. Wewe niambie tu ni wapi, na kama mke wake naye."

"Mama," akasema. "Ni mimi. Ni Ambrose."

"Ambrose hagongi mlango."

Akauinua ule mkono aliogongea, akainua kitasa kidogo, akasukuma. Mama yake alikuwa amejishika kwenye ukuta, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono imejaa unga mpaka viwiko, uso hauna damu. Macho yake yana ukungu wake mwenyewe siku hizi. Alimpapasa kifua, akampapasa mashavu na masikio, akamwachia unga kila mahali, kisha akaanza kumpiga kifuani kwa ngumi mbili zisizo na nguvu. Ambrose alisimama akapigwa. Alikuwa analia waziwazi, na mimi nyuma yake kwenye ngazi ya pili nilitamani ardhi ya kisiwa kile inimeze.

Alipopata pumzi aliniambia mimi, si yeye. Mlango ule umegongwa mara moja tu tangu aolewe. Ilikuwa Novemba, mwaka wa sabini na tatu. Alikuja askari pamoja na padri wa parokia nyingine, kuleta habari kwamba mashua ya mume wake imeonekana na yeye hayumo. Ambrose alikuwa na miaka kumi na mmoja, amekaa pale mezani anakula. Ndiye aliyewafungulia.

Nimekaa na mume wangu karibu miaka thelathini. Nilijua baba yake alikufa baharini. Ya mlango hakuwahi kuniambia, hata siku ile niliyomtoa nje nikamwambia agonge, nami nacheka.

Mambo yangekuwa mepesi kama bibi yule angekasirika. Hakukasirika. Alijifuta machozi kwa aproni, akaokota bakuli la bati, kisha akatupeleka sebuleni. Sebule ya nyumba zile ni ya maaskofu na maiti. Kulikuwa na baridi na harufu ya nta. Alituketisha kwenye viti vigumu chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akaenda, akarudi na vikombe vyembamba vya ukingo wa dhahabu ambavyo nina hakika havikuwa vimeshuka kabatini tangu mazishi fulani. Nilijaribu kuinuka nimsaidie akanikalisha. Hakutuadhibu. Mtu amegonga, mtu ni mgeni, na mikono yake ilijua namna moja tu ya kumpokea mgeni.

Alitaka kujua safari ilikuwaje. Alitaka kujua kama barabara zilikuwa nzuri. Akaniuliza naweka sukari vijiko vingapi, nikamjibu. Akamgeukia Ambrose.

"Na wewe? Unatumia sukari?"

"Viwili, mama," Ambrose akasema.

Alikuwa amekaa na magoti yamebanana, kikombe kimepotea ndani ya kiganja chake, shati limechomekwa. Kutoka pale tulikuwa tunaisikia sufuria ya samaki ikichemka upande wa pili wa ukuta. Sijawahi kumwona mtu akiwa mbali na kwao kiasi kile.

Alitutandikia chumba cha juu kwa maneno, maana ngazi hawezi, na Ambrose akasema tusimsumbue, kitanda chetu tumekuja nacho. Nilimwona bibi anavyolikubali hilo haraka. Jua lilikuwa bado halijazama tuliporudi kwenye gari-nyumba. Ambrose alikaa kwenye kiti cha dereva, akalitazama dirisha la jikoni lililowaka ng'ambo ya uzio, hatua ishirini tu.

"Nimefanya mazoezi nchi nzima," akasema.

Nikamwambia kosa ni langu. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfunza, na kwamba laiti ningemwacha awakute majirani wote wa Alberta na chupi zao. Alitikisa kichwa.

"Ulinifunza kugonga kwa Dietz. Kwa mama nimegonga mwenyewe."

"Mkono umejisahau tu, Ambrose."

"Mkono haukusahau. Ulijua kwamba mimi ni mgeni pale, ukafanya adabu."

Nilichomoa shati lake kwenye suruali, kwanza upande mmoja, kisha wa pili, naye akaniachia.

Asubuhi niliamka nikakuta nafasi yake imepoa. Nilivuta pazia. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo na Ambrose alikuwa uani kwa mama yake, hajachana nywele, kamba za viatu zinaburuzika, amesimama mbele ya zile ngazi tatu. Alisimama muda mrefu. Nilikuwa nimeweka birika motoni likachemka nikalizima, bado amesimama. Kisha nikamwona anatumbukiza mikono yote miwili mifukoni, mpaka chini kabisa, anaifunga humo kama mbwa wawili wasioaminika. Akapanda. Akageuka upande, akakiinua kitasa kwa kiuno na kuusukuma mlango kwa bega, akaanguka nao ndani. Ukajifunga nyuma yake.

Sikusikia kitu. Hatua ishirini ni mbali ukiwa na mbao na kioo katikati. Nilikaa kitandani na gauni langu la kulalia, nywele zimejaa vibanio, nikangoja mtu atoke au mtu aite. Hakuna aliyetoka. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Na chini ya furaha ile kulikuwa na wivu, mkali, wa kitoto. Yeye ana mlango. Wangu umelimwa. Nilifikiri kuvaa niwafuate, kisha nikafikiri nitakapofika kwenye ngazi nitafanya nini. Kugonga siwezi, nitamuua bibi wa watu. Na kuingia bila kugonga sijawahi maishani mwangu, kwa mtu yeyote, mahali popote. Mkono wangu haujui. Mimi niliyempa mume wangu mafunzo nilibaki nimekaa kwenye gari kuukuu, sina namna ya kuvuka nyasi zile.

Ndipo mlango wa gari-nyumba ukafunguka. Sikuwa nimesikia mguu wala mkono. Ulifunguka tu, ukapiga ukuta, na gari zima likainama upande mmoja. Mama Philomena alikuwa amekamata chuma cha ngazi kwa mikono miwili, anajivuta juu, goti moja, kisha jingine, anahema. Nilivuta shuka mpaka kidevuni. Hakunitazama. Alisimama akapata pumzi, akageuza kichwa kutafuta, akakiona kijiko changu kikubwa, akaliona jiko langu la gesi, akalifuata kwa kupapasa. Akafunua sufuria.

"Kuna nini cha kula humu?" akauliza.

"Hakuna kitu, mama," nikasema. "Sijapika."

"Naona." Akarudisha kifuniko. "Basi inuka. Mumeo ameniingizia matope jikoni na sasa anamaliza mkate. Ukichelewa utakuta ganda."

Nilitaka kumshukuru. Nilitaka kumwomba msamaha wa miaka kumi na tisa, na wa jana, na wa siku ile niliyomfungia mwanawe nje nikacheka. Nilitazama chini nisimwonyeshe uso wangu, nikaona viatu vyake vya mpira, na nyayo zake za tope jeusi zimetoka mlangoni zikapita juu ya zulia langu mpaka kwenye jiko.

Nikamwambia afute miguu.

Akafuta, mmoja, kisha wa pili, ameshika ukingo wa sinki.